Wiki Tatu za Kutoa

Kulikuwa na kipande cha ubao mweusi, kimevunjika pembe moja, ambacho mwalimu wa darasa la kwanza alikiegemeza ukutani nje ya darasa lake kila Jumatatu kabla ya kengele. Juu yake aliandika mstari mmoja tu kwa chaki: WIKI HII, kisha jambo ambalo watoto watajifunza. WIKI HII: SAUTI YA A. WIKI HII: KUNAWA MIKONO. WIKI HII: NAMBA KUMI. Mzazi anayepita kwenda sokoni au ofisini alisoma bila kushuka kwenye pikipiki, na asiyejua kusoma alimwuliza aliye karibu. Nimewahi kumsikia dereva wa bodaboda akimtangazia bibi mmoja aliyembeba: "Wiki hii wanajifunza kujumlisha, mayu. Kamwulize mjukuu wako jioni."

Ubao ule ulinitesa. Mimi ni mtu wa haraka, sijifichi. Nikibandika chai naifunua mara tano kuona kama imechemka. Nilihamishiwa Bariadi kutoka Muheza, mume wangu akabaki Tanga na kazi yake, nikaja na binti yangu Rehema wa miaka sita, mabegi mawili na hasira ya kutosha. Mwaka wote wa kwanza nilikaa mguu ndani mguu nje, barua ya kuomba uhamisho iko tayari kwenye droo. Kila Jumatatu nilipomfikisha Rehema shuleni nilisoma ubao kwanza, na nikikuta mstari ni uleule wa wiki iliyopita, siku yangu iliharibika hapohapo.

Jina la mama yule mwalimu nalijua, silitaji. Hata pale shuleni hawakulitumia. Walimu wenzake walimwita Mwalimu wa Wadogo. Watoto walimwita Mwalimu tu, na walimu wengine wote wakawaita kwa majina yao.

Hakukaa. Darasani mwake kiti cha mwalimu kilikuwapo, lakini alikipindua miguu juu, watoto wakawa wanaitumia ile miguu kujifunza nne. Siku za mwanzo nilimwuliza kama hachoki. "Nikikaa mimi, wao wanasimama," alisema, akaondoka kabla sijamwuliza maana yake. Alizunguka. Kutoka dawati la mbele hadi la nyuma, mpaka mlangoni, mpaka dirishani, akiinama hapa kushika mkono wa mtoto anayeandika tatu kwa kuigeuza, akigeuka pale kumtoa mwingine penseli mdomoni. Walikuwa zaidi ya mia, wanne kwenye dawati moja, wengine sakafuni juu ya mifuko ya salfeti, naye aliwafikia wote kila siku. Sijui alifanyaje. Mimi ninaye mmoja na jioni nilikuwa hoi.

Mfukoni mwa sweta alikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, na alitafuna huku anasahihisha. Mwalimu mwenzake akiomba hapewi. Mtoto aliyekuja bila kunywa uji alipewa, tena kwa siri, kwa sharti kwamba asimwambie mtu. Walisema wote. Rehema wangu, aliyekuwa anakunywa chai na chapati kila asubuhi, akasema naye hajanywa uji, akapewa vipande viwili. Nilikwenda kuomba radhi, uso umenishuka. Mwalimu akanitazama kama vile nimemletea habari za mwaka juzi. "Najua alikuwa ameshiba," alisema. "Alitaka kuwa sawa na wenzake. Mwache."

Ukimtafuta kasoro huhangaiki. Alikagua kucha za watoto mmoja mmoja, na mikono yake mwenyewe ilikuwa chaki mpaka viwikoni. Alisema hapendi kelele, na sauti iliyosikika mpaka barabarani ilikuwa yake. Fimbo alikuwa nayo, ndefu, ya kuonyeshea herufi, na katika muda wote niliomfahamu niliona ikimpata mbuzi mmoja aliyeingia darasani kula daftari. Wazazi aliwajibu mkato. Mkuu wa shule alimjibu mkato zaidi. Simu yake ilikuwa kitochi cha zamani ambacho alikizima saa moja na nusu asubuhi na mara nyingine alisahau kukiwasha mpaka kesho yake.

Na alikuwa na kinyongo. Hili ni lazima niliseme, maana watu wakikumbuka walimu wazuri hupenda kuwafanya malaika. Karibu na shule kulikuwa na duka ambalo mwenye nalo alimcheka mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliyekuwa anasoma kwa kusuasua maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Mwalimu alikuwapo dukani. Aliweka chumvi aliyoishika juu ya kaunta, akatoka, na tangu siku ile alinunua kila kitu kwenye duka la mbali, jua kali, matope, vyovyote. Mwenye duka alimwomba radhi mara mbili kupitia watu. Hakurudi. Nilipofika Bariadi mtoto yule aliyechekwa alikuwa darasa la saba.

Ijumaa saa sita kasoro ilikuwa zamu ya swali. Alisimama mlangoni, na hakuna aliyetoka kabla ya kumwambia jambo moja alilojifunza wiki ile na mtu wa nyumbani atakayemweleza. Jumatatu alidai majibu. Ulimwambia nani? Akasemaje? Rehema alikuwa akiniigizia majibu ya wenzake tunakula, nami nilicheka mpaka ugali ukanipalia. Mmoja babu yake alisema hiyo anaijua tangu yuko mdogo. Mwingine mama yake alisema kwanza kateke maji. Wiki moja nikamwuliza, "Na wewe ulisema mama yako kasemaje?"

"Nilisema mama kasema, ni hiyo tu?"

Nikaacha kucheka. "Mwalimu akajibu nini?"

"Akasema, mwambie mama, ndiyo, ni hiyo tu."

Kabla ya kufuta mstari wa wiki alikuwa na swali lingine, na hili alilisema kwa Kiswahili na kwa Kisukuma: "Nani bado yuko njiani?" Hakuuliza mahudhurio. Aliuliza nani hajaelewa. Ajabu ni kwamba watoto walinyoosha mikono bila haya, wengine wakinyoosha kwa niaba ya wenzao wanaosinzia. Mikono ikiwa mingi, mstari haufutwi. Darasa la pili wanaimba silabi za herufi mpya, darasa letu liko palepale.

Sasa nifike kwenye wiki za kutoa, maana ndizo zinazonifanya niandike haya yote.

WIKI HII: KUTOA, ulisema ubao. Sawa. Kulikuwa na mwalimu wa mazoezi, kijana kutoka chuoni, mwenye bidii na shati limepigwa pasi. Akaandika swali ubaoni na kulisoma kwa sauti: Babu ana ng'ombe tisa. Wanne wamekufa. Wamebaki wangapi? Nusu ya darasa, watoto wa mjini na wa watumishi kama mimi, wakapiga kelele watano. Nusu nyingine, watoto wa kaya za mifugo zilizozunguka mji, wakanyamaza. Msichana aitwaye Minza, aliyekaa dawati moja na Rehema, akaanza kulia, na akalia mpaka mapumziko. Rehema alinisimulia huku anashangaa, nami nilisema, kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka, "Analia nini? Si watano tu?"

Jumatatu iliyofuata: WIKI HII: KUTOA. Jumatatu ya tatu: WIKI HII: KUTOA.

Tulikuwa na kundi la WhatsApp la wazazi, na mimi ndiye niliyekuwa nalichochea. Jamani, kuna anayejua watoto wanasoma nini? Shule za watu binafsi wameshafika kuzidisha. Watoto wetu wanaachwa. Wachache walijibu kwa vikatuni vya kulia. Na nyumbani Rehema ameanza kuniamkia mwangaluka, akimaliza kula anasema wabeja, na akiniona nimekaa kimya ananiuliza mhola. Mimi mtu wa Muheza, nimezaliwa ndani ya Kiswahili, nimeletwa huku mtoto wangu afundishwe hesabu kwa Kisukuma. Nilifura.

Jumatano ya wiki ile ya tatu niliomba ruhusa ofisini nikaenda shuleni. Darasa zima lilikuwa nje, upande wa kivuli cha jengo. Walikuwa wamechora zizi kwa kijiti kwenye vumbi, na ndani yake wamepanga magunzi ya mahindi, mengine yamepakwa mkaa, mengine chokaa, mengine yana madoa ya udongo mwekundu. Mwalimu alikuwa anasimulia kwa Kisukuma, mikono inapaa. Watoto wanamjibu kwa pamoja. Anaondoa magunzi matatu anayapeleka mbali, kwenye beseni la maji, anauliza kitu, na Minza, yule wa kulia, anataja jambo bila hata kutazama chini. Wenzake wanapiga makofi. Kisha Mwalimu anageukia Kiswahili, taratibu, "Tisa, toa tatu," na Minza anasema, "Sita."

Mimi sikuona kitu. Naapa niliona soga za ng'ombe na watoto wenye vumbi.

"Mwalimu, hii ni wiki ya tatu," nilimwambia.

"Naam, Mama Rehema. Bado kuna watu njiani."

"Rehema ameshafika siku nyingi."

"Ameshafika, ndiyo. Ndiye anayemsaidia Minza Kiswahili. Na Minza anamsaidia yeye kutulia."

"Mtoto wangu hakuja hapa kutulia."

Hapo alisimama kabisa, jambo la nadra kwake. "Mama Rehema, kwao hawa ng'ombe hawaonyeshwi kidole wakahesabiwa. Wanajulikana kwa rangi zao. Jioni mzee anatazama tu mara moja, anasema mweusi mwenye doa hajarudi. Hiyo ni kutoa. Wameijua kabla ya kuja shule. Lakini ukimwambia mtoto ng'ombe wa babu wamekufa, na babu yuko hai nyumbani, hasikii hesabu. Anasikia msiba. Sasa mimi nawapeleka ng'ombe kunywa maji, basi. Niache nimalizie."

Ningekuwa mtu wa kusikia, ningesikia pale. Nilichosikia ni neno la mwisho, la kunifukuza.

Kazi yangu ni masjala. Ndipo faili za watumishi zinapokaa, na mimi ndiye ninayezitunza katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Najua barua ipi inatupwa na ipi haitupwi. Barua ya malalamiko iliyoandikwa kwa hasira, bila kichwa, bila aya, hupotea. Barua yenye Yah na mstari chini yake, yenye hoja zilizopewa namba, yenye Nakala Kwa mahali pawili, haipotei, kwa sababu kila aliyepewa nakala anamwogopa mwenzake. Usiku ule niliandika ya namna hiyo. Hoja ya kwanza, mwalimu anafundisha kwa lugha ya kienyeji kinyume cha utaratibu. Ya pili, yuko nyuma ya mpango wa masomo. Ya tatu, amekosa heshima kwa wazazi. Kwenye sahihi niliandika Mzazi Mwenye Uchungu. Asubuhi nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni la ofisi ya elimu, nikaenda kazini mwepesi, nikanywa chai mbili.

Wakaguzi walikuja shuleni na daftari zao, wakakaa darasani siku moja, wakaondoka. Wiki ile mstari ulifutwa. Mwezi wa saba shule ilipofunguliwa Mwalimu hakuwapo. Alihamishiwa Nkoma, kule Itilima, na wala hakuagwa. Wazazi wengi walijua siku walipokuta darasani kijana mpya. Kijana alikuwa hodari, ana sauti, anakwenda na mpango. Ubao wa nje haukuwekwa tena. Kwenye kundi la WhatsApp nilipongezwa kwa kufuatilia, maana niliwaambia nilifuatilia, ila sikuwaambia kwa njia gani.

Rehema alisonga. Wa kusonga alikuwa anasonga tu. Siku moja, darasa la pili, nilimwuliza Minza anaendeleaje, nauliza tu mdomo usikae bure.

"Minza anaitikia," alisema Rehema.

"Anaitikia nini?"

"Kila kitu. Mwalimu akisema, anaitikia. Wenzake wakisema ndiyo na yeye ndiyo. Lakini hajui, mama. Zamani alikuwa anajua."

Nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Tangu siku ile sikukaa vizuri. Nilianza kupita njia nyingine kwenda ofisini ili nisipite shule ile. Darasa la tatu Minza hakuonekana tena, na Rehema aliacha kumtaja, na mimi sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Ile barua ya uhamisho niliichana, sijui kwa nini. Labda niliona siwezi kuondoka hivihivi.

Mwaka huu, wakati pamba inaanza kununuliwa na malori yanapishana barabarani, faili ya Mwalimu ililetwa mezani kwangu. Anakaribia kustaafu, karatasi zake zinatakiwa kukaguliwa. Nilitakiwa kuona kama folio, namba za kurasa za faili, zimefuatana, si kusoma. Nilisoma. Nilikuta barua yangu, mwandiko nimeuficha lakini ni wangu, imepewa namba yake, imetulia mahali pake. Barua ikishapewa folio haitoki, hata mimi siwezi kuitoa, ningefukuzwa kazi. Pembeni mtu ameandika kwa wino mwekundu: Asipangiwe tena darasa la kwanza wala la pili. Chini yake kulikuwa na maombi yake matatu ya kurudishiwa darasa la kwanza huko Nkoma, la mwisho la mwezi uliopita, na yote yamejibiwa kwa kurejea folio yangu.

Ijumaa nilipanda basi kwenda Nkoma, kisha pikipiki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nikifika nusu nayavuruga naanza upya. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Nilimkuta kwenye chumba kidogo karibu na ofisi, amezungukwa na madaftari ya darasa la sita. Alikuwa amekaa. Sijawahi kumwona amekaa, na kwa kweli nilidhani ni mtu mwingine. Amepungua mwili. Chumba cha jirani kulikuwa na kelele kubwa ya watoto wadogo, kelele ya watoto wasio na mtu.

"Mwangaluka, mayu," nilisema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsalimia hivyo, kwa Kisukuma, na kumwita mama.

"Karibu, Mama Rehema," alijibu kwa Kiswahili. "Rehema yuko la ngapi?"

"La nne."

"Na Minza?"

Nilitazama chini. "Aliacha."

Chumba cha jirani kitu kilianguka, watoto wakacheka. "Hao ni darasa la kwanza," alisema. "Mwalimu wao amejifungua, yuko likizo tangu shule ifunguliwe. Mwalimu anayepita anawachungulia tu. Mimi nimebakiza miezi miwili na kidogo. Nimeomba niwe nao hii miezi miwili tu. Wao wako pale, mimi niko hapa, na katikati kuna karatasi."

"Ile karatasi ni yangu," nilisema.

Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Nikasema tena, vizuri, yote. Nani aliandika, lini, kwa nini sikuweka jina. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilidhani atanifukuza. Nilidhani, na hili ndilo nililolitamani, ataniambia alishajua.

"Mimi nilijua ni yule wa darasa la pili," alisema polepole. "Yule mwenzangu wa jirani. Aliwahi kuniuliza kwa nini nachanganya Kisukuma. Nikajua ni yeye." Alivua miwani. "Mume wake alifariki mwaka jana. Nilikwenda msibani, nikakaa nyuma, nikala nikaondoka. Sikumpa mkono. Alinifuata mpaka nje, akanyoosha mkono, nikapita."

Nilianza kulia. Yeye hakulia, wala hakuniambia ninyamaze. Alichana karatasi ya katikati ya daftari jipya, akaiweka mbele yangu na kalamu juu yake.

"Andika."

Niliandika. Mtu wa masjala anajua kuandika. Yah: Kurekebisha Taarifa. Kwamba huenda nilitoa malalamiko bila kuelewa vema mazingira. Akasoma amesimama, akairudisha.

"Huenda ya nini? Ulielewa au hukuelewa?"

"Sikuelewa."

"Andika hivyo."

Akachana karatasi nyingine. Nikaandika kwamba sikuelewa, na kwamba barua yangu ilisababisha usumbufu. Akairudisha tena. "Usumbufu ni mvua ya njiani. Sema kilichotokea."

Ya tatu iliniuma mkono. Niliandika kwamba watoto ambao hawakuja shule na Kiswahili walikuwa na mwalimu anayewafikia, na mimi nikawaondolea, kwa sababu mtoto wangu alikuwa amefika na nilikuwa na haraka. Niliandika jina la Minza. Mwisho nikaandika, Mzazi. Mwalimu alisubiri. Hakuuliza mzazi nani, alisubiri tu, fimbo ya kuonyeshea iko mkononi sijui aliichukua saa ngapi. Nikaandika majina yangu matatu, na cheo changu, na ofisi yangu, na namba ya simu. Nilijua ofisini kwangu watanifanya nini wakiona nimesoma faili. Nikaweka sahihi.

"Na nakala moja," alisema. "Hiyo nitaipeleka mwenyewe kwa yule mwenzangu."

Mwalimu mkuu wa pale ni mwanamume mpole, mnene, anayeogopa makaratasi. Aliisoma barua mara mbili, akanitazama, akamtazama yeye. "Nitaituma mbele," alisema. "Tusubiri majibu."

"Majibu ya kitu kama hiki huchukua muda gani?" Mwalimu hakumwuliza yeye. Aliniuliza mimi.

Ningeweza kusema wiki. Nilishamficha ukweli mara moja. "Yanaweza kuja ukiwa umeshastaafu," nilisema.

"Basi yatanikuta darasani," alisema, akatoka.

Tulimsikia anavuka baraza. Mlango wa jirani ukafunguliwa, kelele zikakatika. Kisha sauti yake, ile ya kufika barabarani, ikiwaamkia kwa Kisukuma, na watoto wote wakamwitikia kwa pamoja mpaka kalamu kwenye kikombe cha mwalimu mkuu zikagongana. Mwalimu mkuu alibaki na barua yangu mkononi. Hakwenda kumtoa. Alitafuta kalamu, akaandika juu ya barua tarehe ya kupokelewa, akaifungia kabatini isubiri kutumwa Jumatatu.

Nilisubiri nje saa nzima na zaidi. Kupitia dirishani nilimwona anazunguka, anainama, anainuka, anainama tena. Mara mbili alipita karibu kabisa na mlango, akaniona nimesimama pale na mkoba wangu, akaendelea na dawati linalofuata. Nilitaka kumuaga. Nisiseme uongo, nilitaka aniambie yamekwisha.

Mwalimu mkuu alitoka akanikuta bado nipo. "Mama, nenda tu, pikipiki yako inakungoja," alisema. "Yule leo hatoki."